Vyombo vya Bara: Ziara Yetu Naivasha



Mtu wa pwani akiambiwa kwamba Naivasha kuna waunda vyombo, huuliza kwanza: vyombo vya kwenda wapi? Kutoka Mombasa hadi huko ni mwendo wa kilomita zipatazo 570, juu ya ardhi iliyoinuka karibu mita 1,900 kutoka usawa wa bahari. Lakini ziwa lipo, upepo upo, na wavukaji wapo. Na palipo na wavukaji hapakosi fundi.

Tuliteremka Bonde la Ufa kwa njia ya Mai Mahiu, Mlima Longonot ukiwa mbele yetu. Maziwa ya bonde hili hayalingani kwa ladha. Elementaita, Nakuru na Bogoria ni ya magadi; Naivasha na Baringo ni ya maji baridi. Naivasha halina mto unaoyatoa maji yake juu ya ardhi. Hupenya chini kwa chini, na kwa hivyo hayakugeuka chumvi. Jina lenyewe latokana na neno la Kimaasai lenye maana ya maji yanayochafuka. Anayekaa ufuoni tangu asubuhi hadi alasiri huufahamu ukweli wake: asubuhi maji yametulia kama kioo, adhuhuri ikipita upepo huamka, na mawimbi huja mafupi, yakifuatana upesi, si kama ya bahari yetu.

Fundi tuliyemzuru hufanya kazi uani kwake, chini ya paa la mabati, nyuma ya nyumba anamolala na watoto wake. Sisi tuliozoea kuona chombo kikianzia kwenye mkuku, kisha mataruma, kisha mbao, tulistaajabu, kwani yeye huanza na ngozi. Hukata mapande ya plaiwudi, akatoboa matundu madogo kwenye kingo, akayashona kwa waya wa shaba kama wazee wetu walivyoushona mtepe kwa kamba za nazi. Pembe za ndani huzijaza epoksi iliyokorogwa na unga wa mbao mpaka ikawa nzito. Ikisha kukauka huutoa waya, akatandaza kitambaa cha nyuzi za kioo ndani na nje, akakinywesha epoksi kwa brashi na rola hata weupe wake ukatoweka.

Epoksi yenyewe ni vimiminiko viwili, utomvu na kigumishi. Vikikutana kwa kipimo chake huwa kitu kimoja kigumu, wala havitengani tena. Fundi huvipima kwa mizani. Anayezidisha kigumishi akidhani kazi itakauka upesi, huharibu, maana ile ziada haina cha kushikana nacho, na chombo hubaki laini. Mchanganyiko mwingi ukiachwa koponi hujipasha moto wenyewe hata ukafuka moshi. Basi huchanganya kidogo kidogo na kuumimina katika sinia pana. Baridi ya usiku wa Naivasha huchelewesha kukauka, na unyevu wa alfajiri huweza kuacha utando kama nta. Usipooshwa na kusuguliwa, tabaka la pili halishiki. Tena epoksi mbichi huwasha ngozi, na mwili ukishaikataa huenda ukaikataa daima. Vumbi la msasa nalo si la kuvutwa puani. Kwa hivyo glavu na barakoa havimtoki, na watoto wake hawavuki kizingiti cha ua kazi ikiendelea.

Yote haya hufunikwa na rangi, na hapo ndipo penye amana. Mbao hutangaza ubovu wake: huvuja, hubadilika rangi, huliwa na wadudu mbele ya macho. Tabaka lisiloshika hunyamaza mpaka siku ya mawimbi. Tena nyuzi za kioo na epoksi ni vizito kuliko maji. Chombo kilichovikwa hivyo, kikabebeshwa injini, kikijaa maji chaweza kuzama kama hakina vyumba vya hewa vilivyozibwa mbele na nyuma. Fundi alituambia kwamba mteja mmoja alimtaka aviondoe vyumba hivyo ili apate nafasi ya benchi moja zaidi la abiria. Alimrudishia arubuni yake yote, na mwezi ule, akasema, ulikuwa mgumu nyumbani.

Jambo hili si dogo kwa watu wa huko. Kwa miaka kadhaa maziwa ya bonde hili yamekuwa yakipanda. Mwaka 2020, na tena 2025, maji ya Naivasha yaliingia mtaa wa Kihoto, na boti zilizozoea kuwapeleka wageni kutazama viboko zikawa za kuwatoa watu na magodoro yao. Aliyepakiwa siku ile hakuwa na nafasi ya kuuliza chombo kimeundwaje.

Katika Suratul Qamar, jahazi ya Nabii Nuhu (a.s.) yatajwa kwa mbao zake na misumari yake. Mola angeweza kumwokoa mja wake pasi na chombo, lakini alimwamuru aunde. Vifaa hubadilika: Lamu yenyewe mwaka 2018 iliteremsha majini dau la Flipflopi, lililoundwa kwa plastiki iliyokusanywa. Amri ya kuunda vyema haibadiliki.

Basi mzazi atakayewapeleka wanawe Naivasha likizo ijayo, na avuke asubuhi. Kila mtoto avae jaketi la kuokolea lililofungwa sawasawa, si la kukaliwa kama mto. Wahesabiwe abiria kabla ya injini kuwashwa, na nahodha ajiweke mbali na viboko. Tena amuulize, kwa adabu, vyumba vya hewa viko wapi. Nahodha mwenye chombo kizuri hufurahi kuulizwa, naye huonyesha kwa kidole.

Wabillahi tawfiq.