Aliyekwenda Vitani Asirudi: Haki Zinazongoja Habari

Katika nyumba nyingi za pwani yetu yuko mtu aliyekwenda Keya wakati wa vita vya pili, asirudi, wala habari ya kufa kwake isifike. Wanavyuoni humwita mafkudi, yaani aliyepotea isijulikane yu hai au amekufa. Watu hudhani kumtafuta mtu kama huyo ni kufukua ya kale. Sivyo, ndugu zangu. Haki za walio hai zimefungamana na siku aliyokufa.

Babu yangu mzaa mama alikuwa mmoja wao. Alimwacha mkewe na mtoto mchanga, ambaye ndiye mama yangu. Bibi hakukaa eda, kwa kuwa hakuletewa habari ya kifo. Wala hakuolewa tena, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwamba hana mume. Alikufa akiwa mke wa mtu asiyejulikana alipo.

Kilichotufungulia njia kilitoka katika sanduku lake: karatasi ya posho ya wake wa askari, yenye nambari ya jeshi ya babu. Jina peke yake lisingetosha. Makarani waliandika majina yetu kama walivyoyasikia, wakaacha “bin”, wakakata jina moja likawa mawili. Mzee mmoja wa ukoo naye alikumbuka kwamba babu alikuwa askari wa mizinga. Kwa mambo hayo mawili nikatafuta katika orodha ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ambayo mtu yeyote aweza kuisoma kwenye intaneti bila malipo. Majina yaliyofanana yalikuwa zaidi ya moja; nambari ndiyo iliyotuonyesha lililo letu. Mbele yake pameandikwa tarehe 12 Februari 1944.

Siku hiyo ilizama meli ya Khedive Ismail. Ilikuwa imetoka Mombasa mwanzoni mwa mwezi, ikielekea Colombo, katika kisiwa cha Ceylon ambacho leo ni Sri Lanka, na ndani yake mlikuwa na kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki, mabaharia na wauguzi wanawake. Karibu na visiwa vya Maldives ilipigwa na nyambizi ya Kijapani, ikazama kwa muda wa dakika chache tu. Waliokufa walizidi 1,200. Majina ya askari wetu waliozama yamo katika ukumbusho ulio ndani ya makaburi ya vita ya barabara ya Ngong, Nairobi, kwa kuwa kaburi lao ni bahari.

Sasa tazameni uzito wa tarehe moja. Eda ya mfiwa ni miezi minne na siku kumi, nayo huhesabiwa tangu siku ya kifo, si siku habari inapofika. Kwa hiyo eda ya bibi ilikwisha mwezi wa Juni 1944, naye hakujua. Miaka yote aliyongoja baada ya hapo, sheria haikumtaka aingoje. Ni ukosefu wa habari uliomfunga.

La pili ni mirathi. Baba yake babu alifariki mwaka 1951, akaacha shamba la minazi. Mafkudi huwekewa fungu lake mpaka hali yake ijulikane. Basi fungu la babu likawekwa, na mama yangu akalitunza kama amana ya baba yake. Tarehe ilipopatikana, ilidhihirika kwamba babu alitangulia kufa kabla ya baba yake, na maiti harithi. Mama naye hakuweza kumrithi babu yake, kwa kuwa palikuwa na watoto wa kiume waliokuwa hai, nao humzuia mjukuu. Tulimwendea kadhi, akaupima ushahidi, akathibitisha hivyo. Fungu likarudi kwa warithi wa mwaka 1951 na vizazi vyao.

Mama, ambaye umri wake umepita miaka themanini, alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: “Minazi haikuwa yangu. Baba ni wangu, na leo najua alipo.” Akanyamaza. Siku ya pili alitoa sadaka kwa niaba yake, nasi tukamwombea dua. Mtume (s.a.w.) amemhesabu aliyekufa maji miongoni mwa mashahidi, nasi twamtarajia babu daraja hiyo kwa rehema za Mola wake.

Enyi akina mama, karatasi nyingi za nyumbani huhifadhiwa na nyinyi. Msichome barua, vyeti wala vitabu vya posho vya wazee kabla hazijasomwa na ajuaye. Waulizeni wakongwe wangali hai: alikuwa kikosi gani, baba yake nani, aliondoka mwezi gani? Nanyi mlio na wajukuu mayatima, wakumbukeni kwa wasia usiozidi thuluthi mngali na uhai, kwani kwenye mirathi huenda wasipate kitu.

Ewe Mola, warehemu waliokufa mbali na wao, na uwape subira wote wanaongoja habari. Amin.