Nyumba Isiyo na Saa

Safari ya kikazi ilinifikisha Las Vegas, mji wa jangwani nchini Marekani, katika jimbo la Nevada lililoruhusu kamari tangu 1931. Hoteli niliyopangiwa ilikuwa na maelfu ya vyumba, na hapakuwa na njia ya kuifikia lifti ila kupitia ukumbi wa kamari. Humo hamna dirisha wala saa ukutani. Siku ya kwanza Alasiri ilinipita, nami nikitazama tu, sikucheza. Alfajiri ya kuondoka nilimkuta bibi kizee kwenye mashine ile ile niliyomwacha nayo baada ya Isha. Akaniuliza, “Kumekucha?” Ndugu msomaji, sikuweza kumcheka. Sasa niisikiapo adhana hapa Mombasa, huinuka mara moja.