Kutoka Mombasa Hadi Malindi kwa Motakaa

Zamani mtu aliyetoka Mombasa kwenda Malindi kwa motakaa hakuweza kufanya haraka, hata kama alitaka. Huko Mtwapa alingojea kivuko kilichovutwa kwa mnyororo na watu waliokuwa wakiimba. Na Kilifi alingojea tena pantoni, mpaka daraja lilipofunguliwa mwaka 1991. Siku hizi mwendo huo wa kilomita 120 hivi ni wa saa chache tu, na wengi hufika bila ya kuona kitu ila migongo ya malori. Hasara hiyo si ndogo, maana njia hii yapita karibu na miji iliyokufa, na kila mwenye shamba angefaidika kuitazama.

Wa kwanza ni Jumba la Mtwana, upande wa pwani, mbele kidogo ya Mtwapa. Kisha huja mikonge ya Vipingo, safu kwa safu, ambayo hata mwenye haraka huiona. Kabla ya kuvuka Kilifi pana Mnarani, juu ya genge litazamalo maji, penye misikiti, makaburi na mibuyu mikubwa.

Lakini Gede ndiyo yenyewe. Barabara hupita kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, na msafiri akiisha kukata kulia hukuta mji mzima chini ya miti: msikiti mkuu, jumba la mfalme, nyumba za mawe zenye vyoo na mabakuli yaliyotoka Uchina. Kaburi moja limeandikwa mwaka wa Hijria 802, yaani 1399. Bwana James Kirkman alianza kuuchimbua mwaka 1948, na mwaka 2024 uliingizwa katika Urithi wa Dunia.

Kwa nini watu wakahama, katika karne ya 17? Wengine wataja vita, wengine kuharibika kwa biashara. Kirkman aliona dalili za kisima kuongezwa kina, akawaza kwamba maji ya ardhini yalikuwa yakishuka. Mkulima akiinama juu ya kisima hicho kikavu hahitaji kufafanuliwa zaidi; ukuta ni imara bado, lakini ukuta haunyweki.

Malindi haikufa. Ndiyo iliyompokea Vasco da Gama mwezi wa Aprili 1498, baada ya kukosana na watu wa Mombasa, ikampa rubani wa kumfikisha Bara Hindi. Nguzo ya Wareno ingali imesimama kwenye mwamba baharini, na msalaba ulio juu yake ni wa jiwe lililoletwa kutoka Ureno.

Atakaye kuyaona yote kwa siku moja na aondoke Mombasa alfajiri, achukue maji ya kunywa, na huko Gede asiache ndizi wazi: tumbili wa mahali hapo hawaombi ruhusa.