Sahani za Mama za Maua

Mwaka juzi nilikwenda kwa jirani kuazima kinu, nikawakuta kuku wake wanakunywa maji katika sahani ya maua. Nikaiokota, nikamwaga maji, nikaifuta kwa kanga yangu na kuiinua kuelekea jua. Vivuli vya vidole vyangu vikaonekana upande wa pili. "Dada," nikamwuliza, "hii umeipata wapi?" Akasema iliachwa na mama mkwe wake, na kwa kuwa imemeguka kidogo ukingoni ameona iwafae kuku. Nikampa sahani mbili za plastiki na kilo ya sukari. Akapokea huku akinitazama kama mtu aliyepotewa na akili.

Labda nawe, msomaji, utanicheka. Basi ngoja nikueleze.

Mwaka 1962, tulipokuwa tukikaa upande wa Muheza, baba alikuwa mkata mkonge. Mzungu mmoja wa shamba lile alikuwa anarudi kwao Uingereza, naye akauza vyombo vyake vyote barazani. Wengine walinunua viti na taa. Mama alinunua sahani sita zenye mawaridi mekundu na ukingo wa dhahabu, kwa shilingi kumi na mbili, fedha aliyoiweka kwa kuuza maandazi. Baba hakusema neno, lakini siku tatu hakuzitazama.

Nyuma ya kila sahani palikuwa na chapa, "Bone China". Mwalimu wetu alipotusomea na kutuambia kwamba neno la kwanza maana yake ni mfupa, nyumba nzima ilishtuka. Bibi akauliza, "Mfupa wa nani?" Tangu siku ile hata alipokufa hakukubali kutiliwa chakula ndani yake.

Kumbe mwalimu alisema kweli, na bibi angalitulia kama angaliambiwa yote. Ni mifupa ya ng'ombe. Huchemshwa ili mafuta yatoke, huchomwa mpaka iwe jivu jeupe, kisha husagwa na kuchanganywa na udongo mweupe na mawe yaliyosagwa, ambavyo vyote viwili zamani vilichimbwa Cornwall. Karibu nusu ya mchanganyiko ule ni jivu la mifupa. Josiah Spode, mfinyanzi wa mji wa Stoke, ndiye aliyeuweka sawa mchanganyiko huo katika miaka ya 1790. Jivu hilo ndilo linaloifanya sahani iwe nyeupe kama maziwa, nyembamba hata mwanga upenye, na bado iwe ngumu kuliko inavyoonekana. Huingia tanurini si mara moja: kwanza kukaushwa iwe ngumu, halafu kupakwa maji ya kioo, na mwisho kwa ajili ya maua na dhahabu, kwa moto mdogo zaidi.

Na jina la China limetoka kwa Wachina, maana wao ndio waliotangulia kufanya vyombo vya kaure. Wazee wetu wa pwani walivijua mapema sana. Makaburi ya kale ya Kunduchi yalipachikwa sahani za Kichina, na nyumba kubwa za Lamu zilikuwa na zidaka ukutani za kuwekea vyombo kama hivyo. Kwa hiyo mama hakuwa wa kwanza kupenda kitu kizuri ukutani.

Maana huko ndiko zilikokaa sahani zake: kabatini, nyuma ya kioo. Zilikuwa za wageni. Jioni moja baba alirudi kutoka shambani, miiba imemchoma mikono, akasema, "Leo nitilie ugali katika sahani ya mawaridi." Mama akajibu, "Hizo za wageni, Baba Petro." Baba akacheka. "Basi, siku nitakapokuwa mgeni utanitilia."

Baba alifariki mwaka 1979. Siku ya maziko watu walijaa, Padre naye alikuwapo, na kabati likafunguliwa. Mimi ndiye niliyegawa chakula. Nilipohesabu sahani nikaona tano. Ya sita niliikuta chumbani, mama ameishika mapajani, ina ugali uliopoa. Hakula, wala hakuniruhusu kuichukua. Hatukulizungumza jambo lile mpaka naye alipofariki mwaka 1998.

Sahani zilipofika mikononi mwangu nilizitoa kabatini siku ileile. Twalia muhogo, twalia ugali na mlenda, na wajukuu hugombania yenye waridi lililopauka. Ukiwa nazo, nakuomba usizisugue kwa majivu wala mchanga, maana maua yamo juu, nayo hufutika, na dhahabu hutangulia. Ziogeshe katika beseni la plastiki, ukitandika kitambaa chini. Zikipangwa, weka kitambaa kati ya moja na nyingine. Limau, siki na achari visilale ndani yake, kwa sababu rangi za zamani huweza kuwa na risasi, na uchungu wa limau huitoa. Na ukitaka kununua gulioni, ipige kwa ukucha: nzima hulia kama kengele ndogo, yenye ufa hutoa sauti nzito, hata kama macho yako hayauoni ufa wenyewe. Wachuuzi hawapendi ukifanya hivyo.

Ile ya kuku haina mawaridi. Ina maua madogo ya buluu, na nikiitazama kwa kioo cha kukuzia naona mistari ya brashi, si vidoto vya picha ya kubandikwa kama zile za mama. Kwa hiyo kuna mtu aliyekaa akayapaka rangi maua yale kwa mkono wake. Nimeichanganya na nyingine.

Pasaka iliyopita mjukuu wangu aliangusha moja ya mawaridi. Sitawadanganya, nilipandisha sauti, hata mtoto akakimbilia kwa babu yake. Vipande nimevifunga katika kitambaa na kuviweka kabatini, mahali pake pa zamani. Usiku ule tulikula kama kawaida, na mtoto nilimtilia katika ile ya buluu.