Kila Tundu Lina Kazi Yake

Juma hili napenda tutafakari jambo dogo lililofichika chini ya boneti ya gari kuukuu, yaani ile mipira myembamba ya vakyumu, na namna ya kuurudisha kila mmoja mahali pake baada ya gari kupita katika mikono mingi. Wapo watakaosema kwamba hayo ni mambo ya gereji. Ni kweli. Lakini wengi wetu twasafiri katika magari ya namna hiyo, na mmoja wa mipira hiyo ndio unaoipa breki nguvu.

Kwanza tuelewe jambo lenyewe. Pistoni ishukapo ndani ya silinda huvuta hewa. Dereva akiwa hajakanyaga mafuta, bamba dogo lililo ndani ya kabureta huwa karibu limeifunga njia ya hewa. Basi chini ya bamba hilo, ndani ya manifoldi, kanieneo ya hewa huwa ndogo kuliko ya nje. Hiyo ndiyo vakyumu. Waliounda magari ya zamani waliifanya mtumishi wa kazi nyingi: kuusaidia mguu wa dereva kwenye breki, kuiwahisha cheche ya plagi kupitia distribyuta, kuuvuta moshi unaokusanyika tumboni mwa injini ukaungue upya, na kuukamata mvuke wa petroli usipotee hewani.

Gari letu ni Toyota Hilux yenye injini ya 22R, ya sentimita za ujazo 2,366. Ndilo huwateremsha wagonjwa kutoka vigango vya mbali, mara nyingi usiku, katika miteremko ya huku Njombe mnayoifahamu. Kabureta yake ya asili iliondolewa miaka mingi kabla halijatufikia, ikawekwa ya Weber, ambayo ina matundu machache zaidi ya kupokea mipira. Iliyobaki ilichomekwa popote iliposhika. Injini ilinguruma kwa kasi hata likiwa limesimama, petroli ikaliwa bila kiasi, na pedali ya breki ikawa ngumu kama jiwe.

Chini ya boneti ya magari mengi ya aina hii pamebandikwa ramani ya mipira. Ya kwetu bado ipo na inasomeka vizuri, lakini inaieleza kabureta isiyokuwepo tena. Kijana mwanagenzi akatoa shauri: “Babu, tuyazibe matundu yote kwa skrubu. Litawaka tu.” Fundi mzee akamjibu, “Hata sasa linawaka.” Kisha akanigeukia: “Padri, tusiulize mpira huu ulikuwa umechomekwa wapi. Tuulize ulikuwa ukifanya kazi gani.”

Akaanza na breki. Mpira mnene wa busta hutoka kwenye manifoldi, nao una valvu ya njia moja ambayo huruhusu hewa kwenda upande wa injini tu. Katikati ya mpira huo mtu alikuwa ameunga kiungo chenye matawi matatu, na tawi moja lisilokuwa na kazi alilizibia kijiti. Kijiti kilikauka, kikasinyaa, na hewa ikawa inaingia humo mchana na usiku. Ili injini isizimike, mwingine aliyefuata aliizidishia kasi kwa kukaza skrubu ya kabureta. Hivyo kosa moja likafunikwa na la pili, na dereva akaambiwa kwamba gari ni zee.

Pili, ule wa distribyuta. Ulikuwa umechomekwa kwenye manifoldi, ambako mvuto huwa mkubwa hata gari likiwa limesimama. Kwa injini hii, mahali pake ni kwenye tundu la kabureta lililo juu kidogo ya lile bamba. Hapo hapana mvuto mpaka dereva aanze kukanyaga mafuta, na ndipo cheche inapotakiwa kuwahi. Matundu yote mawili hupokea mpira wa unene uleule, na mkono hauwezi kuyatofautisha. Kinachoyatofautisha ni kazi tu. Tatu, ule wa moshi wa injini ulisafishwa na kurudishwa. Mwisho kabisa, matundu yaliyokosa kazi kweli yakazibwa kwa vifuniko vya mpira vinavyobana.

Ndipo kikaletwa kipimo. Vitabu vingi vya ufundi husema kwamba injini yenye afya husoma kati ya inchi 17 na 22 za zebaki. Sisi tulipata 14, na kijana akahuzunika. Lakini vipimo hivyo ni vya usawa wa bahari. Mwaka 1648 Florin Périer, shemeji wa Blaise Pascal, alipanda na zebaki yake mlima Puy de Dôme huko Ufaransa, akaiona ikishuka kadiri alivyopanda. Kwa kila mita 300 hivi hupungua inchi moja, nasi tupo karibu mita 2,000 juu ya bahari. Kumi na nne yetu ilikuwa afya kamili, na mshale ulitulia bila kutetemeka.

Wapendwa, jambo lililonigusa ni hili: injini haikatai kosa, bali hulivumilia. Huendelea kuwaka, na sisi hudhani kuwaka ni kupona. Nyumba zetu na jumuiya zetu nazo tumezirithi zikiwa zimekwisha kubadilishwa, na ramani za waliotutangulia haziendani tena na kila kilichopo. Tukiifuata ramani bila kufikiri, tutachomeka pasipofaa. Tukiziba kila tusichokielewa, huenda tukaziba breki. Njia ya yule mzee ni ndefu zaidi, kwa kuwa inadai tuulize kazi ya kila kitu kabla hatujakigusa.

Kwa wenye magari ya namna hii, anzeni na jaribio hili. Injini ikiwa imezimwa, kanyageni breki mara kadhaa mpaka pedali iwe ngumu. Mguu ukiwa bado juu yake, washeni injini. Pedali ikizama kidogo, busta inapata nguvu yake. Isipozama, msianze safari. Na kabla fundi hajaung’oa mpira wowote, aufunge kitambulisho chenye jina la kazi yake, kwa faida ya atakayelifungua boneti hilo baada yenu.

Nawatakieni juma jema na safari salama.