Kupe wa Majini

Kila anayeingia kinyozini kwangu hapa Langas huanza kwa samaki. Kabla hajauliza nani yuko mbele kwenye foleni, ameshaweka pua kwenye kioo. Tangi ni la lita 120, na wapangaji wake ni mchanganyiko: gapi na plati wa kila rangi, enjeli wawili wanaojiona, neoni, koridora watano wa kufagia chini, na konokono mmoja mkubwa wa manjano. Nilizoea kuwaambia wateja kwamba huu ndio mtaa pekee wa Eldoret usiojua siasa.

Nina ushuhuda, ila hauanzi kwa sifa. Baadhi ya samaki hao niliwaua mwenyewe, na nikawaua kwa dawa.

Ilikuwa Julai, ule mwezi ambao asubuhi hapa kwetu mtu huvaa jaketi juu ya jaketi. Nilikuwa nimenunua neoni sita. Walifika ndani ya mfuko wa nailoni, nami nikawamwaga tangini papo hapo kwa vile wateja walikuwa wakingoja kuwaona. Siku tatu baadaye stima ikapotea usiku kucha. Nilipofungua asubuhi, hita ilikuwa imelala na kipimajoto kinasoma 17. Wiki haikuisha kabla mkia wa enjeli haujaota vitone vyeupe, utadhani kanyunyiziwa chumvi. Gapi nao wakaanza kujisugua kwenye changarawe kama ng'ombe kwenye nguzo ya ua.

Ugonjwa wenyewe niliujua. Ni wa kawaida, kila mfuga samaki huupata siku moja. Nikanunua chupa ya malakaiti, ile dawa ya kijani, nikasoma idadi ya matone, nikaweka mara mbili yake. Nilijiambia ugonjwa mkali hutaka mkono mkali. Mkaa wa kusafishia maji niliusahau ndani ya chujio, kwa hiyo huku naongeza dawa, huku mkaa unainyonya. Kesho yake koridora watatu walikuwa chali. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na kitone. Koridora hana magamba kama ya wenzake, na dawa ile humdhuru upesi kuliko gapi. Hilo nililijua wakati nawazika kwenye kopo la maua.

Siku ya nne vitone vikapotea vyote. Nikashangilia, nikasimamisha dawa, nikampigia mke wangu simu kumwambia tumeshinda. Siku ya tisa vikarudi, safari hii kwa kila samaki.

Kuna mzee mmoja ninayemnyoa kila mwisho wa mwezi. Miaka mingi alihudumu kwenye josho la ng'ombe upande wa Moiben. Siku hiyo alikaa kitini akawatazama samaki kwenye kioo, akasema, "Hao wako wana kupe."

"Si kupe, mzee. Ni ugonjwa wa vitone."

"Kijana wangu, vilipotea, vikarudi?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi ni kupe. Kupe akishiba anaanguka mwenyewe. Wewe unaona ng'ombe ni safi, unafurahi. Yeye yuko kwa nyasi anataga. Sisi tulikuwa tunaogesha kila wiki, uone kupe, usione kupe."

Usiku nilisoma kwenye simu hadi macho yakauma. Mzee alikuwa ameugusa ukweli. Kijidudu hicho kilipewa jina la kisayansi na Mfaransa Fouquet mwaka 1876: Ichthyophthirius multifiliis, yaani chawa wa samaki mwenye watoto wengi. Kitone tunachokiona ni kijidudu kilichojichimbia chini ya ngozi ya samaki, na humo dawa haikifikii. Kikishiba hudondoka, hujifunika gamba laini kwenye changarawe, kisha hujigawa hadi kuwa mamia, hata elfu moja. Hao watoto hutoka kuogelea kutafuta samaki, na wasipompata kwa muda wa kama siku mbili hufa. Ni hapo tu, wakiwa kwenye maji matupu, ndipo dawa huwaua. Kwa hiyo siku niliyoshangilia ndiyo siku tangi lilikuwa na hatari kubwa kuliko siku zote.

Nikaanza upya. Mkaa nje. Joto nikalipandisha polepole kwa siku mbili hadi 30, kwa sababu kwenye maji baridi mzunguko ule huchukua majuma, na kwenye maji ya joto hauzidi wiki moja. Joto halitoshi kuwaua. Linawafanya watoke haraka wakutane na dawa. Dawa yenyewe nikaweka nusu, kwa ajili ya koridora wawili waliobaki. Konokono nikamhamishia kwenye ndoo yake isiyo na samaki. Kila jioni nilifyonza changarawe kwa mpira, na maji ya kujazia yalikuwa yamelala ndooni usiku kucha ili klorini iondoke.

Halafu kuna jambo ambalo wanaofuga Mombasa hawaliwazi. Eldoret tuko karibu mita 2,100 juu ya bahari. Hewa nyepesi ndiyo inayowaleta wanariadha wa dunia nzima Iten, lakini samaki hana medali ya kutafuta. Maji yetu hubeba oksijeni pungufu kwa karibu sehemu moja ya tano, na ukiyapasha moto hubeba kidogo zaidi. Niliongeza pampu ya hewa ya pili. Bila hiyo ningewapika na kuwakaba kwa pamoja.

Jirani mwenye bwawa la ngege aliniomba dawa iliyobaki, nikamnyima. Ulaya na Marekani haziruhusu malakaiti kwa samaki wa kuliwa, nami mwenyewe siku hizi naishika kwa glavu.

Vitone viliisha siku ya sita. Sikumpigia mtu simu. Niliendelea siku kumi nyingine nikitibu samaki ambao kwa macho hawakuwa na kitu, na wateja wakinicheka. Siku hizi samaki mgeni hukaa majuma manne kwenye beseni chini ya kaunta, na wavu wake hauingii tangini.

Juzi mama mmoja alileta mwanawe kunyolewa. Zamani mashine nilikuwa naipangusa spiriti nikiona kichwa chenye mapunye, basi. Nilipofungua meno ya mashine nikaanza kuyasafisha, yule mama akanyanyuka.

"Kwani mtoto wangu ana nini?"

"Hana kitu, mama."

Akaendelea kunitazama. Nikamaliza kusafisha, nikawasha.