Dhamana ya Soga

Baba alifanya kazi korona kwa miaka 22. Korona ndilo jina ambalo watu wa mashamba ya mkonge wamelizoea kwa banda la mashine, ile inayosaga jani na kubakiza nyuzi. Nilipokuwa mdogo, kule Muheza, nilikuwa nikimpelekea chakula cha mchana na kumkuta akizungumza na wenzake kwa mikono na nyusi, kwa sababu ndani ya banda lile sauti ya mtu haikufua dafu. Alipostaafu mashine ilibaki huko, lakini kelele yake alirudi nayo nyumbani. Anasema usiku inamlilia masikioni kama nyenje.

Masikio yaliyochoshwa na kelele hupoteza kwanza sauti nyembamba, na hizo ndizo zinazobeba s, f, sh na t. Vokali hubaki. Mtu anasikia kwamba umesema, ila hasikii umesema nini. Nikimwambia kwa simu kwamba nimefika, baba anasikia nimeshika, anauliza nimeshika nini. Baada ya muda mazungumzo yetu yakawa mafupi kuliko salamu. "Shikamoo baba." "Marahaba mama. Haya, ongea na mama yako." Salamu aliiweza kwa kuwa alijua mapema nitasema nini. Kisha nikasikia kutoka kwa mama kwamba haendi tena kwenye kahawa jioni. Hapo ndipo nilipoogopa. Mtu wa Muheza asiyekwenda kwenye kahawa ameanza kuaga.

Mimi nasoma shahada ya uzamili ya isimu Dar es Salaam, na katika ukoo wetu mwenye kompyuta ndiye anayehesabiwa kuwa anajua kila kitu. Kazi ya kutafuta shimesikio ikaniangukia. Duka moja lilinitajia shilingi 1,900,000 kwa jozi. Jingine likataja laki tatu kwa kitu ambacho kwa macho yangu kilikuwa kilekile. Tofauti hiyo ilikuwa posho yangu ya miezi kadhaa, na sikuwa na njia ya kujua kama ninayekaribia kumlipa ananiuzia masikio au plastiki.

Niliuliza intaneti kama kila mtu wa rika langu. Nilitafuta mara moja tu, na simu ikaanza kunifuata. Kila nilipofungua picha za harusi ya mtu, katikati alitokea mzee mwenye tabasamu akiwa na kidude sikioni, bei imekatwa nusu, mwisho leo saa sita usiku. Vingi vya vidude hivyo, nilikuja kuelewa, ni vipaza sauti tu: hukuza kila kitu sawasawa, sahani, feni na pikipiki pamoja na sauti ya mjukuu. Shimesikio ya kweli hurekebishwa ifuate upungufu wa sikio lenyewe, ikuze pale palipopungua na kuacha palipo pazima. Chini ya matangazo watu walisifu kwa mamia. Nikawa nabonyeza majina yao. Huyu hakuwahi kuandika kitu kingine chochote duniani isipokuwa sifa ya kidude kile. Yule naye vivyo hivyo. Hakuwa na timu ya mpira, hakuwa na njaa wala hakuwa na jirani anayemkera.

Bibi yangu alikuwa na swali moja kwa kila habari iliyoingia nyumbani kwake, iwe ya fundi, ya dawa ya mbu au ya mchumba: nani kakuambia? Ukitaja jina, aliongeza la pili: na yeye unamjuaje? Jibu alilolitaka halikuwa cheti. Alitaka kusikia kwamba ni yule wa nyumba ya tatu, anayechelewa kulipa madeni lakini hulipa, aliyemuuguza mama yake mpaka mwisho. Ukimjua mtu hivyo unajua neno lake lina uzito gani, na pia unajua ulipunguze wapi. Mbele ya zile sifa mia, swali la pili la bibi halikuwa na jibu.

Mei 2025, mtandao wa X ulipoacha kufunguka Tanzania, mwenzangu wa darasani alihamia Mastodon na kunivuta. Mastodon ulianzishwa mwaka 2016 na Eugen Rochko, mwandishi wa programu anayeishi Ujerumani, na hauna mwenye nyumba mmoja. Ni seva nyingi, kila moja na watu wake na sheria zake, lakini wote wanaandikiana, kama mwenye laini ya Airtel anavyompigia wa Vodacom bila kuhama. Seva niliyoichagua ni ndogo. Aliyeifungua huilipia kwa michango ya wanachama na huweka hesabu wazi: kodi ya mashine imelipwa, kimebaki hiki. Matangazo hayapo. Ninaona maandishi ya niliowachagua, kwa mpangilio wa saa, na yakiisha yameisha. Siku za kwanza nilidhani kimeharibika.

Kwa wiki kadhaa sikuuliza kitu. Niliwatafuta watu wanaovaa shimesikio, nikawafuata, nikakaa kama mgeni anavyokaa barazani, anasikiliza kabla ya kutia neno. Cha ajabu ni kwamba masikio waliyataja kwa nadra. Mstaafu mmoja wa Uskochi aliandika kuhusu mkate wake uliogoma kuumuka, paka wake, na mvua, mvua, mvua. Siku moja alilalamika kwamba betri imemponyoka tena chini ya kochi na paka ameanza kuipiga kama mpira. Mwalimu mmoja wa Nairobi, aliyezaliwa na usikivu hafifu, alisimulia jinsi anavyochagua kiti kwenye matatu ili midomo ya kondakta iwe upande wa mwanga. Mwingine alikuwa na ugomvi wa kudumu na mkwewe. Nilicheka. Nikaanza kujibu. Niliandika kuhusu daladala za Mwenge, na kuhusu profesa anayesema "kwa kifupi" kabla ya kuongea kwa saa mbili.

Tasnifu yangu inahusu salamu, kwa hiyo nilikuwa na jina la nilichokuwa nikikiona. Mwaka 1923 Bronisław Malinowski, mwanaanthropolojia aliyeishi visiwa vya Trobriand, aliandika kuhusu maneno ambayo watu huyasema ili kuungana, wala si ili kupashana habari: hali ya hewa, afya, umetoka wapi. Darasani tunafundishwa kwamba maneno hayo hayana mzigo wa habari. Mswahili anayejua urefu wa salamu zetu hukubali haraka. Lakini nilipokuwa natafuta masikio ya baba niliona kwamba yana mzigo mkubwa, ila habari iliyomo inamhusu msemaji. Mtu hawezi kulalamika kuhusu mkate miezi minane kwa ajili ya kukuuzia shimesikio. Ni gharama mno. Soga ndiyo dhamana anayoiweka mezani bila kujua kuwa anaiweka.

Basi nikauliza. Nilieleza: mzee wa miaka 66, kelele za mashine, vidole vigumu, mji wenye joto la unyevu, umeme unaokatika, fedha za kuhesabu. Jina na vipimo vyake sikuviweka, hiyo ni siri yake.

Jibu la kwanza la mzee wa Uskochi lilikuwa kwamba hajui. Kampuni ipi inafaa Tanzania hajui, bei hajui, na angeshangaa kama mtu wa kwao angejifanya anajua. Halafu akaandika anachokijua. Vidole vigumu na betri ndogo haviendi pamoja. Betri za shimesikio zina namba na rangi dunia nzima: 10 njano, 312 kahawia, 13 chungwa, 675 buluu, na kati ya hizo namba 10 ndiyo ndogo kuliko zote. Kwa mkono wa mtu wa mkonge, alisema, usishuke chini ya 13. Nilimwamini papo hapo, kwa sababu nilikuwa nimeshaiona betri yake ikitoroka chini ya kochi wakati hakuna aliyemuuliza.

Mwalimu wa Nairobi alijua zaidi mazingira yetu. Msianze dukani, alisema, anzeni na kipimo cha usikivu, na mchoro wake mpewe mkononi. Mkifika kwa muuzaji, msiulize bei kwanza. Ulizeni nani atairekebisha baada ya mwezi, na kama safari hiyo inalipiwa. Za kuchaji ni nzuri pale umeme unapotulia. Za betri, msibandue kibandiko mpaka siku ya kutumia, maana betri ile huamka ikipata hewa, na ikiamka hailali. Usiku iwekwe kwenye kopo kavu lenye chembechembe za kunyonya unyevu. Hakutaja duka hata moja.

Sisemi kwamba pale ni peponi. Seva ndogo hufungwa mwenyewe akichoka, na soga za watu hupotea nayo. Kiswahili ni haba, mazungumzo mengi nimeyapata kwa Kiingereza, lugha ambayo baba hawezi kuitumia hata masikio yangekuwa mazima. Mwongo naye anaweza kufungua seva yake. Kutokuwa na mwenye nyumba mmoja hakumfanyi mtu kuwa mkweli. Kunaondoa tu yule anayelipwa kumsukuma mwongo mbele ya macho yangu, na kunaacha nafasi ya kumzoea mtu polepole. Kuzoeana kwenyewe hakuna programu inayokufanyia.

Baba alipimwa. Fedha zilitosha sikio moja, la kulia, betri ya chungwa. Wiki ya kwanza aliichukia. Aligundua kwamba mama huburuta kandambili, kwamba bati la jikoni hulia, kwamba kuku wana kelele, akaivua na kuiweka kabatini. Tulirudi kwa mtaalamu mara tatu, bila malipo, kwa sababu tulikuwa tumeuliza swali lile kabla ya kulipa. Baada ya mara ya tatu alianza kuivaa jioni. Sasa anakwenda kwenye kahawa. Mama anasema hukaa kiti cha pembeni, sikio la kulia likiwaelekea wenzake, na siku nyingine harudi mpaka taa zimewashwa.

Mimi bado naingia kwenye seva asubuhi, ingawa sina la kuuliza. Nimeanza kuandika kwa Kiswahili, mambo ya hivihivi: maji ya Jangwani, bei ya ndimu, sura ya tatu ya tasnifu isiyotaka kuisha. Mwezi uliopita kijana mmoja aliniandikia kwamba hunisoma kimya kimya, na kwamba mama yake, huko Mombasa, haskii vizuri. Alitaka nimtajie duka. Nilimwambia Mombasa siijui. Nikamweleza habari ya kipimo, vidole, unyevu na swali la kuuliza kabla ya kulipa. Kisha nikamuuliza mama anaendeleaje, na huko kwao kama mvua imeshaanza.